Daftari la jumuiya lisitufuate makaburini

Mjomba wangu tulimzika mwezi wa saba, wakati ule wa baridi ambapo huku Mufindi ukungu unalala juu ya mashamba ya chai mpaka saa nne asubuhi. Alikuwa mpasua mbao. Tangu nimjue maisha yake yalikuwa ya kambini: wiki tatu msituni, wiki moja nyumbani, na hiyo wiki ya nyumbani sehemu kubwa iliishia kwenye ulanzi, pombe ya mianzi. Sitaki kumpamba kwa kuwa amekufa. Alibatizwa, akapata kipaimara, ndoa yake ilifungwa kanisani na cheti kipo kabatini. Alipofariki, tulimtuma kijana kwa katekista wa kigango, kanisa dogo lililo chini ya parokia, naye katekista akauliza swali moja tu: jumuiya yake, yaani kikundi chake cha familia jirani za Kikatoliki, inasemaje? Mwenyekiti wa jumuiya akafungua daftari. Zaka: miaka miwili hakuna kitu. Mahudhurio: hayupo, hayupo, hayupo. Akalifunga.

"Huyu hatunaye," alisema.

Padre alikuwa kwenye mzunguko wa vigango vya mbali na simu yake haikupatikana. Tukazika bila ibada ya Kanisa. Bibi mmoja jirani aliongoza rozari, na fundi aliyewahi kufanya kazi na marehemu akatengeneza msalaba wa mbao za msindano. Akina mama wa jumuiya ile ile walikuja. Walibeba kuni na unga, wakachota maji, wakapika, wakaimba kaburini mpaka sauti zikakauka. Ila walikuja bila sare zao za WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania. Mmoja aliniambia kwa kunong'ona, "Mwanangu, tumekuja kama majirani tu, si kama jumuiya."

Sentensi hiyo imenikaa kichwani kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia. Sitaji kigango wala parokia, kwa sababu kisa hiki si cha mahali pamoja. Panda basi Makambako uelekee Mbeya, anzisha maongezi haya na jirani wa kiti, na kabla hamjafika Igawa utakuwa umesikia vingine vitatu. Wapo wanaovisimulia kwa hasira, wapo wanaovisimulia kwa kuridhika: safi, wamezidi, wanataka Kanisa siku ya jeneza tu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi wakaamua kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndiyo iwe kazi ya kwanza ya kichungaji. Sababu ilionekana kwa macho. Parokia zilikuwa kubwa mno. Huku kwetu Wabenediktini kutoka Ujerumani waliianzisha misheni ya Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19, na Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia wakazipokea kazi zao mwaka 1919, baada ya vita kuwaondoa Wajerumani. Walijenga makanisa ya matofali ambayo hadi leo yanatushangaza, wakajenga shule na hospitali. Lakini mtu wa kijijini alimwona padre mara moja kwa mwezi, na masika yakikolea pengine asimwone kabisa. Aliyekuwapo kila siku ni katekista na jirani. Maaskofu wakaona kwamba kama Kanisa halitaanzia kwa jirani, basi litakuwa ni jengo linalofunguliwa Jumapili.

Kwa hiyo jumuiya ilibuniwa ili ile tofauti aliyoitaja yule mama isiwepo. Kuja kama jirani na kuja kama Kanisa vilikusudiwa viwe kitu kimoja. Familia kumi, kumi na tano, zinazojuana hadi majina ya mbuzi, zinakutana Jumamosi alfajiri kwenye sebule ya mmoja wao, zinasoma Injili ya Jumapili inayokuja, kisha zinaulizana: nani mgonjwa, nani kafiwa, nani hajalima. Sinodi ya Afrika, mkutano wa maaskofu wa mwaka 1994, ilipoliita Kanisa Familia ya Mungu, watu wa huku hawakushtuka. Walikuwa wanalijua hilo jambo kwa miguu, tangu rozari za Mei na Oktoba, pale sanamu ya Mama Bikira Maria inapohamishwa nyumba hadi nyumba na watoto wanagombania kubeba mshumaa.

Sasa imekuwaje mpaka jumuiya ikawa na muhuri?

Nina dhana yangu. Jumuiya ilifika katika nchi iliyokwisha kuzoea nyumba kumi. TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikuwa imeanzisha mabalozi wa nyumba kumi kumi tangu miaka ya 1960, na katikati ya miaka ya 1970, maaskofu walipokuwa wakipanga haya, watu wa Iringa walikuwa wametoka tu kuhamishwa na kupangwa kwenye vijiji vya ujamaa. Kila mtu alijua maana ya kupangwa na wenzake, kuwa na kiongozi anayeandika majina, na kuhitaji barua yake kila unapotaka kitu mbele. Ukitaka kusafirisha ng'ombe, barua. Ukitaka dhamana ya ndugu yako, barua. Jumuiya ilipofika tukaivalisha nguo tuliyokuwa nayo nyumbani. Mwenyekiti, katibu, mhazini, daftari, taarifa. Na barua. Leo mzazi anayetaka kubatiza mtoto anaanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya, sawasawa na anayetaka kufungua akaunti ya benki anavyoanzia serikali ya mtaa.

Barua yenyewe si dhambi, na hapa ndipo wengi wanaolalamika wanapokosea. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 868, inataka kabla ya kumbatiza mtoto mchanga wazazi waridhie na pawepo tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani. Paroko mwenye vigango kumi na viwili atalijuaje tumaini hilo? Atauliza majirani. Kwenye ndoa ni hivyo hivyo: kanuni ya 1066 inataka ihakikishwe kwanza kwamba hakuna kizuizi, na hakuna mtu ajuaye kama kijana ana mke mwingine Tunduma kuliko mama anayeishi ukuta kwa ukuta na wazazi wake. Katika mambo hayo mawili jumuiya ni shahidi, tena shahidi mzuri. Inasaidia kujibu swali linalohusu maisha yajayo: mtoto huyu atalelewaje, wawili hawa wataishije.

Maiti haina maisha yajayo ya kuyatolea ushahidi hapa duniani. Barua inayoombwa msibani haiulizi kitakachokuwa. Inahesabu yaliyopita na kutoa hukumu. Shahidi amegeuka hakimu, na hakimu mwenyewe huenda ana ugomvi wa mpaka wa shamba na familia ya marehemu. Kijijini watu hawaongei mengi kuhusu hilo la mipaka, lakini wote wanalijua.

Na hukumu hiyo inatolewa kwa sheria gani? Nimezisoma kanuni zinazohusu mazishi zaidi ya mara moja. Kanuni ya 1176 inasema waamini waliofariki wanapaswa kupewa mazishi ya Kanisa. Hilo ndilo la msingi. Kunyimwa ndiko kunakohitaji sababu. Sababu zimeandikwa katika kanuni ya 1184, na ni chache: walioasi imani hadharani, wazushi na waliojitenga na Kanisa kwa namna inayojulikana na wote, waliochagua miili yao ichomwe kwa nia inayopingana na imani, na wadhambi wengine wa wazi ambao kuwazika kwa ibada kungewakwaza waamini. Tena hao wote ni iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya kutubu kabla ya kufa. Kukiwa na mashaka, anayeulizwa ni askofu. Mwenyekiti wa jumuiya hakutajwa. Daftari la zaka halikutajwa. Kanuni inayotangulia, ya 1183, imeenda mbali zaidi: katekumeni, mtu ambaye hata maji ya ubatizo hayajamgusa, kwa habari ya mazishi anahesabiwa kuwa mwamini. Halafu sisi tunamwacha nje mtu aliyepakwa krisma, kwa kuwa Jumamosi zake alikuwa kwenye msitu wa Sao Hill akisukuma magogo.

Kuna padre mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, aliyenisikiliza hadi mwisho kisha akacheka. "Wewe unaandika magazetini," aliniambia. "Mimi nina nyumba ya katekista inavuja, nina vigango vinataka Misa, na nina watu wanaonikumbuka wakiwa maiti. Nikizika kila mtu sawa, wale wachache wanaobeba parokia wataniuliza: sisi tunajichosha kwa ajili gani?"

Hoja yake si ya kupuuza. Misaada ya Ulaya iliyojenga kuta zile haipo tena kama zamani, na kanuni ya 222 inawataja waamini waziwazi kwamba wana wajibu wa kulihudumia Kanisa kwa mahitaji yake. Bati halishuki kutoka mbinguni. Sina ugomvi na zaka, na debe la mahindi linalotolewa wakati wa mavuno huwa naliona ni la maana kuliko noti iliyokunjwa. Ninachokiona kibaya ni pale jumuiya inapogeuka mfereji: fedha zinapanda kwenda juu, matangazo yanashuka chini, basi. Nimekaa kwenye mikutano ya Jumamosi ambapo Injili ilisomwa kwa dakika nne na michango ikajadiliwa kwa saa nzima. Tegemeza parokia, tegemeza jimbo, ukarabati, jubilei ya padre, gari la padre, sare za kwaya. Baada ya Komunyo Jumapili orodha inasomwa, jumuiya iliyoongoza inapigiwa makofi, ya mwisho inacheka kwa aibu. Mtu maskini akiona hivyo anajifunza jambo moja haraka sana: ukikosa fedha, usionekane. Hivyo ndivyo "hayupo" inavyozaliwa. Mara nyingi mtu anakuwa ameikimbia aibu kabla hajaikimbia imani, na daftari haliwezi kukuambia lipi ni lipi.

Kuna pia kanuni ya 848, ambayo ningependa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kigango: mhudumu asidai chochote kwa ajili ya sakramenti zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka halali, na daima aangalie wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kuhusu mazishi, kanuni ya 1181 inasema hivyo hivyo juu ya maskini.

Kwa wale wanaopenda Maandiko kuliko sheria, yupo Tobiti. Nashangaa hasomwi misibani. Huyu mzee alikuwa mlipa zaka hasa. Kitabu chake kinaanza kwa kueleza alivyopeleka malimbuko Yerusalemu, na zaka nyingine akawagawia yatima na wajane. Mhazini yeyote wa jumuiya angempenda. Akiwa uhamishoni Ninawi, mtu huyo huyo alikuwa akiziokota maiti za ndugu zake zilizotupwa nje ya ukuta na kuzizika kwa siri, mpaka mfalme akamtafuta amuue. Sikukuu ya Pentekoste anaandaliwa meza nzuri, anaambiwa kuna mtu ameuawa ametupwa sokoni. Anaacha chakula bila kukionja, anakwenda kumchukua. Hakuuliza yule wa sokoni alikuwa kabila gani katika Israeli wala kama alipanda kwenda Yerusalemu. Zaka na kuzika vilikaa ndani ya mtu mmoja bila kimoja kuwa sharti la kingine. Ndiyo maana katekisimu tuliyokaririshwa utotoni iliweka kuzika wafu miongoni mwa matendo ya huruma. Huruma haitolewi kwa wanaoistahili. Wakistahili inaitwa mshahara.

Hata hoja ya rafiki yangu padre kuhusu "kuzika kila mtu sawa" inayumba ukiitazama kwa karibu. Ibada ya mazishi haikuwahi kuwa nishani. Ni Kanisa linamwomba Mungu amsamehe mtu. Sasa anayehitaji zaidi maombi hayo ni nani: mama wa Legio Maria aliyesali rozari kila siku kwa miaka arobaini, au mpasua mbao mlevi?

Wanaokosekana kwenye mikutano yetu ni akina nani hasa? Katika nyanda hizi si fumbo. Ni wachumaji chai wanaoishi kwenye makambi ya mashamba, leo Mufindi, mwakani Rungwe. Ni mama lishe wa Mwanjelwa, Mbeya, ambaye Jumamosi alfajiri ndipo anapowasha jiko. Ni vijana wa bodaboda. Ni mwanamume anayeishi na mwanamke ambaye hajamaliza kumtolea mahari, hakuna ndoa ya kanisani, hapokei Komunyo, na amechoka kuulizwa. Ni wanaume kwa ujumla, ambao wameamua kwamba jumuiya ni ya akina mama, kisha wao ndio wanaochaguliwa kuwa wenyeviti. (Hilo lina makala yake.) Na ni wagonjwa. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa asilimia 11.1, Mbeya asilimia 9.6, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Hakuna jumuiya huku ambayo haijawahi kulea yatima. Miaka ile kabla dawa hazijaenea ni akina mama wa jumuiya walioingia kwenye vyumba ambavyo ndugu wa damu waliogopa kuingia, wakaogesha, wakalisha uji, wakakaa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuagizwa na mtu wala haikuandikwa kwenye taarifa ya robo mwaka. Nikitaka kuonyesha kwamba wazo la 1976 lilikuwa sahihi, nitaonyesha vyumba vile.

Lakini walikuwapo pia wagonjwa waliojificha. Waliacha kuja kwa sababu walikonda, na watu wangeanza kuhesabu. Kwenye daftari hao nao waliandikwa "hayupo", kwa kalamu ile ile.

Wakati huohuo, jirani wa Kipentekoste hana daftari. Mchungaji wake anafika msibani akiwa na maspika, anazika, anahubiri, na wiki inayofuata anarudi kuwapa pole wafiwa. Mimi ni Mkatoliki wa kufa nao na kelele zile sizipendi, ila nimeona familia mbili zikihamia huko kaburi likiwa bado bichi. Walioko parokiani wakasema wamefuata miujiza. Walifuata mtu aliyewazikia baba yao.

Kama ningeulizwa, ningeanza na madaftari. Lile la zaka liwe la mhazini na libaki kwake. Lisitoke nyumbani kwake siku ya msiba. Lile la mahudhurio likibaki, basi "hayupo" ya tatu iwe ni kazi kwa mtu: fulani na fulani waende kumwona, wasiende na risiti. Mwenyekiti asiulizwe kamwe kama marehemu azikwe. Aulizwe wafiwa wanahitaji nini. Na kama kweli kuna marehemu aliyeiasi imani hadharani, mambo hayo yana wenyewe, na njia yake inaishia kwa askofu. Najua parokia ambazo tayari zinafanya karibu hivyo, ambapo paroko alisimama siku moja wakati wa matangazo akasema mwamini yeyote aliyebatizwa ataombewa, kisha akaendelea na tangazo la sherehe ya mavuno kana kwamba hakusema kitu kikubwa. Zaka hazikuanguka. Au kama zilianguka, paa bado lipo.

Wiki ya nne baada ya maziko nilimsindikiza mke wa mjomba kwenye jumuiya. Alitaka kwenda, mimi sikutaka. Tulikutana saa kumi na mbili na nusu, nje kuna baridi ya kukata masikio, ndani watu wamejifunika mablanketi na mashuka ya kimasai. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, kisha salamu ya kwetu, kamwene, kamwene. Walimpa kiti karibu na jiko la mkaa. Injili ikasomwa. Ulipofika wakati wa kuita majina mwenyekiti akapapasa mfukoni, miwani ameisahau, akanipa mimi daftari. "Tusaidie, mwanangu, wewe una macho."

Nikaanza kuita. Watu wakaitika. Namba 17 lilikuwa jina la mjomba, kwa wino wa bluu, bado halijakatwa. Nikafuata mstari wake kwa kidole hadi tarehe aliyofariki, nikaipita. Jumamosi tatu zilizofuata zilikuwa zimejazwa kama kawaida: hayupo, hayupo, hayupo.

Nikaita namba 18.